Mnazi ulioangukia waya ni wa uani kwetu

Ndugu Mhariri,

Asalaam aleikum na pole na kazi. Gazeti lako huku Kilindoni linatufikia likiwa na siku zake, wakati mwingine tunalipata limeshafungiwa mihogo ya kukaanga, na ndo hivyo ile barua ya msomaji kuhusu umeme wa Mafia baada ya kimbunga niliisoma ikiwa na mafuta mafuta, nikamrudia mwenye mihogo nikamwambia nitafutie na kipande kilichobaki. Aliyeandika simjui ila anaonekana ni mtu wa upande huu huu wetu, kalalamika kwamba mafundi walituacha gizani siku 6, kwamba ni uzembe, kwamba angekuja mtu mmoja tu na ngazi yangeisha. Kiukweli na mimi siku zile nilikuwa nasema hivyo hivyo tena kwa sauti kubwa kumzidi yeye. Lakini kuna kitu hakijui, na hapa mtaani wanaokijua hawafiki 5, kwa hiyo naomba nafasi nikiseme na jina langu msiliweke.

Mnazi ulioangukia zile nyaya ni wa uani kwetu.

Nikisema wetu napo kuna maneno. Nyumba ni ya mume wangu, kiwanja kaachiwa na marehemu baba yake, ila minazi mitatu iliyomo humo ndani ni ya ami yake anayeishi Temeke. Wageni wakija Mafia jambo hili huwa linawashinda, kwamba ardhi inaweza kuwa ya huyu na mti uliosimama juu yake ukawa wa mwingine kabisa, mti unarithiwa, unauzwa, unawekwa rehani, na wewe mwenye kiwanja kazi yako kufagia makuti. Bibi yao ndo aliipanda na kabla hajafa akagawa, huyu nyumba, huyu minazi. Kila baada ya miezi mitatu hivi anakuja mkwezi anaangua, nazi zinahesabiwa mbele ya mama mkwe, zinatiwa kwenye viroba zinapanda boti kwenda Nyamisati huko bara, sisi tunaachiwa 10 za mboga. Siongei kwa ubaya, ndo utaratibu tulioukuta na haujawahi kutugombanisha.

Sasa mwezi wa pili mwaka huu wa 2024 mafundi walipita kukagua laini kabla ya masika. Wana kopo la rangi nyekundu, mti wanaoona utaleta shida wanauchora msalaba. Mmoja kati ya ile mitatu umeinama kama mzee anayetafuta kitu alichodondosha na kichwa chake kiko juu ya waya kabisa, wakauchora. Wakaniambia mama tutarudi kuukata, mwambie mwenyewe. Nikampigia ami. Ami akanijibu kwa utulivu kabisa, "Mwanangu, huo mti una umri kumzidi marehemu baba mkwe wako. Waya umekuja umeukuta mti hapo. Uhame waya." Nikamwambia basi ongea nao wewe, akasema wakitaka kuukata waje na hela ya nazi za miaka 20 mkononi. Akakata simu, salio langu.

Ikaja Idd mwezi wa nne. Huku kwetu Idd nyumba inapigwa chokaa, na chokaa ikibaki tunapiga mashina ya miti uani, panapendeza. Na mimi ndoo ilikuwa imebaki. Nikapiga mnazi wa kwanza, nikapiga wa pili, nilipofika kwenye ule wenye msalaba nikasimama kidogo nikautazama. Halafu nikaupiga na wenyewe, mikono miwili ya chokaa, nzito. Nilijiambia ni Idd. Mwishoni mwa mwezi huo huo mafundi wakarudi kweli, kijana mmoja akanyoosha shingo juu ya ua anatafuta msalaba wake, haoni, anatazama mti huu anatazama ule yote meupe, akawaambia wenzake labda ni nyumba ya mbele. Mimi nilikuwa nachuja ukwaju. Nilimwona na sikusema kitu, maana nikisema ami atasema nimeuza mti wake.

Wiki haikupita vizuri redio ikaanza kusema Hidaya. Jina zuri namna ile, maana hidaya ni zawadi, na mtaani tuna dada mwenye jina hilo mpaka leo watoto wakimwona wanakimbia wanapiga kelele funga madirisha. Watu wa hali ya hewa walitangaza siku kadhaa kabla, wavuvi wasitoke, vyombo visisafiri, na kwa kweli walisikilizwa, mume wangu na mdogo wake waliivuta ngalawa mpaka karibu na mlango wa jiko. Ila wengi mioyoni tulikuwa hatuamini. Vimbunga tumezoea kuvisikia Msumbiji na Madagaska, sisi tuko nyuzi 8 tu kusini ya ikweta na karibu na ikweta huwa vinakosa ule msokoto wa kujizungusha, kwa hiyo vinavyofika huku ni vya kuhesabu. Mama mkwe anasema wazee wake walikuwa wakiutaja ule wa Lindi wa mwaka 1952, na wa zaidi ya hapo ni ule wa Unguja wa 1872 ulioangusha mikarafuu ikawa biashara ya karafuu imehamia Pemba. Mtu unasikia hayo unaona ni hadithi.

Jumamosi tarehe 4 Mei haikuwa hadithi. Upepo ulianza usiku wa kuamkia siku hiyo na mvua ya kulala, ile inayoingia kwa pembeni mpaka kitandani. Tulikuwa watu 7 chumba kimoja, wanangu watatu, mama mkwe, shemeji, mimi na baba watoto. Bati la jirani tulilisikia likiondoka. Halafu ukaja mlio wa mnazi. Muembe ukianguka unalia kwanza, unakupa nafasi ya kusema yarabi, mnazi haupo hivyo, ni kishindo kimoja halafu ukimya, na kwenye ule ukimya dirisha zima likawa buluu kama mtu kapiga picha, cheche, friji ikakoroma mara moja ikanyamaza. Mama mkwe gizani akasema, "Huo ni wa ami yenu." Hakuuliza, alijua kwa mlio ulikotokea.

Kulipokucha ndo tukaona. Umeng'oka na mizizi yake, umelala umevunja ua, kichwa kizima kimeburuta nyaya mpaka chini na nguzo ya kona imekatika katikati. Uani maji yamejaa, na nyaya ziko humo kwenye maji. Hapa naomba niseme kwa wanaosoma maana niliona mambo ya ajabu. Nazi zilikuwa zimetawanyika njiani mpaka kwa jirani na watoto wa mtaa mzima walikuja na ndoo, wengine wanataka kuvuta dafu kwenye kile kichwa chenye waya, na watu wazima wamesimama wanasema umeme si umekatika. Umeme wetu hautoki gridi ya taifa, ni majenereta ya dizeli hapa hapa kisiwani, kwa hiyo wakati wowote mtu anaweza kuwasha mtambo upande wa pili akidhani laini iko sawa, na waya unaochezewa na mtoto ukaamka. Baba watoto alifunga kamba ya ngalawa kuzunguka, akaweka benchi, tukapokezana kukaa pale na fimbo kama walinzi. Kuku mmoja aliingia tukamwacha huko huko mpaka alipoamua mwenyewe kutoka.

Friji yangu Mhariri ndo maisha yangu. Nauza barafu za ubuyu na ukwaju za shilingi 100 na 200, na humo humo baba watoto na mdogo wake wanaweka pweza wakisubiri mnunuzi. Siku hiyo mlikuwa na pweza kilo 11, na mnunuzi yuko ng'ambo na boti hazitembei. Siku ya kwanza sikufungua mlango kabisa, nikaifunika na godoro la mtoto, nikawatisha watoto kwamba atakayefungua atalala nje na kimbunga. Siku ya pili maji yakaanza kuchuruzika kwa chini. Mimi nikaanza kulia, mama mkwe akanitazama kama vile nimemtia aibu. Akasema, "Nyie mmezaliwa friji ipo? Banikeni." Lakini jua hakuna, ng'onda haianikiki kwenye mvua, ikabidi tuweke uchaga jikoni na moto wa makumbi na vifuu, moto mdogo wa moshi mwingi, pweza tumempasua tumemtia chumvi, tukakesha tunamgeuza. Macho yakatuvimba wote. Wakatoka wekundu wakavu wamekunjamana kama viatu vya zamani, ila hawakuoza, na mnunuzi alipokuja baadaye alichukua kwa bei ya kutuonea na tukashukuru.

Kilichoniumiza zaidi ya pweza kilikuwa kikopo kidogo kwenye mlango wa friji. Jirani yetu mzee ana sukari ya kuchoma sindano, kwake hakuna friji, insulini yake inakaa kwetu mwaka wa pili sasa, anakuja asubuhi anasema hodi naomba dawa yangu. Asubuhi ile alikuja kama kawaida na bakora yake, kavuka nazi zilizomwagika njiani, kanipa pole kwa ua kuvunjika. Pole! Mimi nimesimama pale najua ule msalaba uko chini ya chokaa. Shemeji alikwenda zahanati kuuliza, muuguzi akasema chupa iliyokwisha funguliwa isitie wasiwasi, aina nyingi zinakaa kama wiki 4 nje ya friji ilimradi joto lisizidi nyuzi 30, zile ambazo hazijafunguliwa ndo tuzitafutie ubaridi. Akatuelekeza tuchukue chungu kikubwa, tutie mchanga, tuumwagie maji, ndani yake tuweke chungu kidogo, dawa iwe kwenye mfuko mkavu wa plastiki isilowe, juu kitambaa kibichi, kisha kiwekwe kivulini penye upepo. Kwa unyevu ule wa mvua ubaridi wake haukuwa wa kujivunia, lakini ukiingiza mkono unausikia. Kazi ya kumwagia maji nilijipa mimi, asubuhi mchana jioni, na usiku nikiamka naenda kugusa. Baba watoto akaniuliza mbona hicho chungu unakilea kuliko mtoto. Sikumjibu.

Usiku ulikuwa mrefu sana jamani. Tochi za simu siku ya kwanza kila mtu anawasha kama harusi, siku ya pili chaji zikaisha, kuna fundi seremala ana paneli ya sola akawa anatuchajia kwa shilingi 500 na foleni yake ilikuwa kama ya kupokea mahari. Mkubwa wangu yuko darasa la saba anataka kusoma, mafuta ya taa siku hizi duka gani linauza, mama mkwe akasokota pamba akaitia kwenye kifuu chenye mafuta ya nazi akawasha. Mwanga mdogo ila umetulia, na mdogo wetu akasema bibi taa yako inanukia vitumbua, kila jioni akawa anaomba kukaa karibu na taa anusie. Siku ya tatu taa za upande wa sokoni zikawaka. Tukatoka nje wote kuangalia, mtambo unafanya kazi, kule watu wanaangalia tivii, huku kwetu nyumba kama 40 giza kwa ajili ya nguzo moja na mnazi mmoja. Hapo ndo mtaa ulipoanza kuchachamaa na mafundi, mafundi wavivu, mafundi wanapendelea, na mimi nikachachamaa nao, tena nilikuwa natoa mifano. Mtu mwenye hatia huwa ana maneno mengi.

Katikati ya yote hayo ami anapiga simu. Siku ya kwanza kaulizia watu, alhamdulillahi, wote wazima? Wazima. Siku ya pili simu imetoka kuchajiwa kwa 500 yangu, ami anauliza, "Nazi mmezihesabu?" Nikadhani sikusikia vizuri. Anauliza zile zilizoanguka na mti, maana mkwezi alikuwa aje mwezi wa tano, kwa hiyo mti ulikuwa na mzigo kamili. Nikamwambia ami zimetawanyika njiani watu wameokota, nyingine ziko kwenye waya hatusogei. Akanyamaza kidogo, akasema haya, zilizoko kwenye waya nazo zihesabuni kwa macho.

Mafundi walikuja siku ya 6. Na walikuwa wamechoka, wamevimba miguu kwa kutembea kwenye maji, kisiwa kizima kilikuwa na miti chini na wao ni wale wale wachache. Huko bara ndo usiseme, barabara ya kusini ilikatika Somanga, mabasi yakalala njiani. Nguzo mpya haikuweza kuingia kwa gari sababu ya tope, wanaume wa mtaani waliibeba mabegani kama jeneza, wale wale waliokuwa wanawatukana. Walipohakikisha laini imezimwa, wakakata kichwa cha mnazi, na shemeji akaomba panga akatoa shaha. Kwa msioijua, shaha ni ule moyo wa mnazi kileleni, mweupe, mtamu, unakatika kama tango changa, na huupati mpaka mti ufe, kwa hiyo kila unapoula kuna mnazi umekwisha. Tukaukata vipande, kila aliyekuwepo akala, na mafundi wakala.

Yule kijana wa kunyoosha shingo alikuwepo. Kakaa juu ya shina anakula shaha, mkono wa pili ana bisibisi, anakwaruza kwaruza chini ya miguu yake bila hata kuangalia, kama mtu anavyochezea kitu. Chokaa ikabanduka. Kikatokea kijistari chekundu. Akaacha kutafuna. Akakwaruza tena taratibu, mstari wa pili ukakutana na wa kwanza. Akaninyanyulia macho, mimi nimeshika sinia, akasema kwa sauti ya chini wasisikie wengine, "Mama, chokaa ya Idd hii?" Nikamwambia ndiyo mwanangu, ya Idd. Akasema, "Ilipendeza." Akamalizia shaha yake akarudi kwenye nguzo. Saa 12 jioni umeme ukawaka, mtaa mzima ukapiga vigelegele, ukazima, ukawaka tena. Mimi friji nilikuwa nimeichomoa nikasubiri utulie, jirani wa nyuma hakuchomoa na tivii yake mpaka leo iko kwa fundi.

Kwa hiyo mwandishi wa ile barua, ndugu yangu, siku zako 6 za giza zilitokana na ndoo yangu ya chokaa, naomba radhi. Ila na mimi nina langu la kusema nikishaomba radhi. Nyie mafundi, mnapokuja kuchora msalaba mnaongea na anayekutwa nyumbani, ambaye mara nyingi ni mwanamke anachuja ukwaju na mti si wake. Huku kwetu muulize kwanza mti wa nani, mwenyekiti wa kitongoji anajua kila mnazi na mwenyewe, muiteni mbele yake, mpigieni mwenye mti simu kwa salio lenu, mkubaliane bei ya mti unaozaa kabla hamjafungua kopo la rangi. Maana ami ni mkaidi lakini hoja yake ya waya kuukuta mti sijaona wa kumjibu. Nazi ndo ada ya wajukuu zake, mtu huwezi kumwambia kata tu kwa faida ya wote wakati yeye taa yetu haimmulikii. Na mkileta na miche ile mifupi ya kupanda mbali na laini, naamini wengi wangeshika shoka wenyewe.

Wiki iliyopita wamepita tena. Minazi miwili iliyobaki, mmoja wameuchora. Safari hii sijaugusa, na ndoo ya chokaa nimempa mama mkwe aifungie stoo kabisa. Nimempigia ami nikamwambia yote, mpaka habari ya Idd, nikamwambia na barua naandika gazetini. Nilidhani atagomba. Akauliza gazeti gani, nikamtajia, akasema hilo hata Temeke lipo, basi kama unaandika andika na hesabu yangu watu waione, nazi 43, madafu usiyatie.

Mama Barafu,
Kilindoni, Mafia